Tulienda Tandale na spika, tukarudi na daftari

Mi nimezaliwa Mwananyamala nikakulia Kijitonyama, na mpaka nafikisha miaka thelathini na moja nilikuwa sijawahi kuingia Tandale kwa miguu yangu. Kuipita kwa daladala nimeipita sana. Lakini Tandale niliyokuwa naijua ni mbili tu, ile ya Diamond, maana kila mtu anajua katokea kule, na ile ya nafaka, kwa sababu marehemu baba alikuwa na duka na mchele na maharage alikuwa anafuata soko la Tandale, anarudi na magunia kwenye guta na vumbi la mahindi kwenye nyusi. Basi. Kutoka kwetu kwa mguu nusu saa haifiki. Mtacheka lakini Dar ndo ilivyo, mtu anakuelekeza maduka ya Dubai moja moja na hajui mtaa ulio nyuma ya ukuta wao.

Chama sitakitaja. Ni cha upinzani, hiyo inatosha, nikitaja jina nusu yenu mtasoma mmekunja sura na nusu mtasoma mnapiga makofi, na mi sitaki vyote viwili.

Kadi nilichukua 2017. Kipindi hicho mikutano ya hadhara ilikuwa imezuiwa, toka 2016 mpaka Rais Samia alipokuja kuiruhusu Januari 2023. Kwa hiyo sisi tulioingia katikati hapo ni wanasiasa wa WhatsApp, tuseme ukweli. Tunajua kutengeneza bango kwa simu, tunajua kubishana mpaka saa nane usiku, tunajua kumtoa mtu kwenye grupu. Ila kukaa kwenye benchi na mzee asiyekujua ukamsikiliza nusu saa bila kumkatisha, hilo hakuna aliyetufundisha na wala hatukujua kama ni kazi.

Sasa 2024 uchaguzi wa serikali za mitaa umekaribia, tarehe 27 Novemba, viongozi wa wilaya wakapiga hesabu wakakuta kata ya Tandale tuna tawi la jina. Mwenyekiti wa tawi kahamia Chanika, katibu simu haipatikani, bendera ipo kwa fundi cherehani mmoja kafunikia mashine. Tawi letu la Kijitonyama likaambiwa chukueni mtaa mmoja kule mkaufufue. Tulikuwa tisa. Mi nikawekwa mtunza kumbukumbu kwa sababu nafanya kazi ya hesabu na mwandiko wangu unasomeka.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa mwezi wa nane. Tulikodi kirikuu, tukapakia spika mbili na jenereta, fulana mpya kabisa bado zina mikunjo ya kutoka kwenye nailoni, vipeperushi boksi zima. Katibu wetu kaandika hotuba kurasa tatu. Tumeingilia upande wa kwa Mtogole, muziki juu, vijana wamesimama nyuma wanapunga mikono, na kwa dakika kama kumi nilijisikia mtu mkubwa sana. Afu barabara ikaanza kubana. Kirikuu kikaingia uchochoro ambao hata bodaboda mbili zinapishana kwa kuombana, dereva anarudi nyuma, anakwenda mbele, mama mmoja anaokoa beseni lake la dagaa, na mbele yetu tukaona turubai limefungwa kati ya nyumba mbili, viti vya plastiki vimejaa watu. Katibu akasema si ndo hawa, wamekaa wenyewe, sogea pale pale. Dereva akasogea, muziki bado unapiga.

Ulikuwa msiba.

Nawaambia sijawahi kuona watu wengi hivyo wanakuangalia bila kusema neno. Ingekuwa matusi ningejua pa kushika. Mzee mmoja kanzu imekunjwa mikono akatoka taratibu kwenye kiti, akaja mpaka kwenye boneti ya gari, akagonga kwa kidole kimoja. "Zima." Dereva akazima, mpaka jenereta. Katibu anaanza, "Shikamoo mzee, samahani sana, sisi ni…" Mzee akamwambia, "Nimeona, fulana zinaongea." Afu akauliza swali ambalo mpaka leo naona ndo lilikuwa mtihani wote wa ile kazi: "Nani kawapokea?"

Hatukuwa na jibu. Hakuna aliyetupokea. Tulijipokea wenyewe.

"Basi nendeni kwa mjumbe," mzee akasema, akarudi kukaa.

Kwa wasio wa huku, mjumbe wa nyumba kumi ni kitu cha toka enzi za TANU, chama kikiwa kimoja. Vyama vingi vimekuja 1992 na mjumbe kabaki wa chama kile kile, siku hizi CCM, kwenye vikao vyao anaitwa balozi wa shina. Kwenye serikali ya mtaa kisheria hayupo kabisa, kule yupo mwenyekiti, kamati yake na mtendaji. Lakini muulize mtu yeyote wa uswahilini akiibiwa kuku usiku anamgongea nani. Kwa hiyo kwenye gari ukawaka ugomvi, katibu anasema hatuwezi kwenda kupiga hodi kwa mtu wa chama tawala tumwombe ruhusa, ruhusa ya nini, katiba inatupa haki ya kuingia popote. Na kweli inatupa. Mi nikawa nawaza tu kwamba mwenye haki zake tumemwacha nyuma pale tumempigia singeli msibani.

Tulikuwa na dada mmoja mtu mzima kwenye timu, anafanya biashara ya mkaa Mwananyamala, hasemi sana vikaoni. Yeye ndo akanishika mkono. "Twende tukahani. Vua hiyo fulana." Ndani nilikuwa na blauzi, chini jinzi. Tukaingia duka la pale barabarani nikanunua doti ya khanga ya bei ya chini kabisa, moja kiunoni moja kichwani, tukarudi kwa mguu wawili tu, tukapitia mlango wa uani.

Uani wanawake walikuwa wanachambua mchele. Tukatoa pole, tukaandikisha rambirambi kidogo kama watu wengine, dada mkaa akavuta ndoo akaanza kuosha masufuria kama kazaliwa pale. Mi nikapewa sinia. Kama hujawahi kuchambua mchele wa watu mia mbili na wanawake usiowajua, basi jua kwamba ile ni sehemu ambayo mtu haongopi, mikono ina kazi, macho yapo chini, maneno yanatoka yenyewe. Bibi mmoja akaniuliza, "We wa kwa nani?" Hapo nikasita. Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, nimwambie nimemsindikiza huyu dada ni jamaa wa marehemu. Nikasema tu, "Mi wa wale wa gari, bibi."

Kimya. Afu wakacheka, mmoja mpaka kamwaga mchele. "Afadhali umesema mwenyewe," akaniambia yule aliyekuwa pembeni yangu, "tulishakujua kwa viatu."

Yale masaa mawili nilijifunza kuliko semina zote za chama. Moja, wengi wao walikuwa hawana mpango wa kupiga kura ya mtaa, na sio kwa hasira au kukata tamaa kama sisi tunavyopenda kuandika kwenye matamko. Ni kwamba wao ni wapangaji. Kwa akili yao mambo ya mtaa ni ya wenye nyumba. "Mi nina chumba kimoja tu, mwezi ujao naweza nikawa Manzese, nitamchagua mwenyekiti wa nani?" Na hapo ndo ukiangalia ile hesabu ya nyumba kumi unashtuka, maana nyumba za kule nyingi ni vyumba sita mpaka nane, kila chumba familia yake, kwa hiyo nyumba kumi ni kaya sitini, sabini, themanini, na wenye nyumba ni kumi, wengine wala hawakai pale. Tulikuwa tunataka kuongea na mtaa na hatukujua mtaa wenyewe ni nani.

La pili walijua wana kadi za mpiga kura, basi wameshamaliza. Hawakujua, na kwa kweli hata nusu ya timu yetu haikujua, kwamba kura ya mtaa ina orodha yake, unaenda kujiandikisha kwa mkono kwenye kituo cha mtaa wako, hupewi kadi yoyote, na ile kadi ya Tume ya Uchaguzi haikusaidii kama jina halimo. Mwaka huo vikachanganyana vibaya zaidi, kwa sababu Tume nayo ilikuwa inaboresha daftari lake la kudumu, ilianzia Kigoma mwezi wa saba 2024 na Dar wakafika Machi 2025, wakati orodha ya mitaa iliandikwa nchi nzima siku kumi tu, tarehe 11 mpaka 20 Oktoba. Mtu akisikia redioni "daftari" hajui la nani.

Jumamosi iliyofuata tukarudi bila gari. Katibu akakubali kwa shingo upande kwenda kwa mjumbe, na kwa heshima yake niseme alipofika alikuwa na adabu kutuzidi wote.

Mama mjumbe anauza vitumbua asubuhi na jioni anauza viazi vya kukaanga, pale pale barazani, bendera ya chama chake imefungwa kwenye nguzo ya mlango, imepauka mpaka kijani imekuwa kama maziwa. Kuingia kwake unakanyaga ubao umewekwa juu ya mtaro, na mtaro wenyewe umejaa maji meusi hayaendi popote. Tukaamkia, tukajieleza. Akatusikiliza anageuza vitumbua kwa kijiti. Akasema, "Chama changu mmekiona hapo mlangoni, sina haja ya kuwaambia. Kura yangu msiitafute. Lakini mkigonga mlango wa mtu saa mbili usiku, atanipigia simu mimi kuniuliza nyie ni akina nani, sasa ni vizuri niwe na jibu." Akachukua majina yetu na namba za simu, akaandika kwenye kava la daftari la shule la mjukuu. Katibu akamuuliza, na hapa kwako mama kuna kero gani? Mama akaangalia vitumbua vyake. "Hapa hapana shida yoyote."

Na ubao tumeukanyaga wote.

Kutoka pale tukaenda kijiwe cha kahawa, na hapa ndo hotuba ya kurasa tatu ilipokufa. Katibu kaagiza kahawa na kashata kwa kila mtu, akakohoa, akaanza na mto Ng'ombe. Mto unaoua watu kila masika, mto uliosahaulika, watoto wanaovuka kinyesi kwenda shule. Alikuwa anaongea vizuri, sauti ina huzuni yake. Muuza kahawa akamwachia mpaka akamaliza sentensi, afu akamuuliza, "Mwanangu, mto umeuona lini?" Katibu akasema anaujua. "Hapana, nakuuliza umeuona lini." Mzee akaweka birika chini, akatuchukua kama watoto wa chekechea mpaka mtoni. Kingo za zege pande zote, zimenyooka, zimejengwa na mradi ule wa DMDP wa kuendeleza jiji la Dar, fedha za mkopo wa Benki ya Dunia, na sio mto tu, hata barabara tuliyoingilia na kirikuu ni ya mradi. Hotuba ilitolewa kwenye makabrasha ya zamani ya chama, hakuna hata mmoja wetu aliyetembea dakika tano kwenda kuangalia. Vijana wa kijiweni walicheka mpaka mmoja akamwomba katibu ile karatasi akafungie karanga.

Mi naona ile aibu ilitusaidia. Kwa sababu mzee alipomaliza kutuonyesha zege akasema sasa njooni niwaonyeshe tatizo, akatuingiza kwenye uchochoro mpana kama mlango, akaonyesha kwa mguu: mitaro midogo ya vichochoro imebaki ile ile ya kuchimba wenyewe kwa jembe, mto uko kule unasubiri maji na maji yako huku hayana njia ya kufika. Mvua ikinyesha hamfi tena kama zamani, akasema, ila mnakaa siku tatu na maji ya vifundo vya miguu, na kuna wenzetu mvua ndo wanaisubiri watapishe vyoo vyao, usiku, yakitembea yanatembea na kila kitu mpaka mlangoni kwa jirani. Kulipa gari la kunyonya ni hela, na gari lenyewe haliingii uchochoro ule. Kero halisi ilikuwa ndogo kuliko hotuba yetu, imekaa mahali pamoja, ina harufu, na haina mtu mmoja wa kumtukana jukwaani. Ndo maana vyama tunaziruka.

Nikatoa daftari la kaunta nililokuja nalo kwa ajili ya mahudhurio, nikaandika: 1. Mitaro ya vichochoro kuunganishwa na mto, nani mhusika? Mzee akaangalia mwandiko wangu. "Umeandika, eh? Haya."

Daftari lile ndo likawa kazi. Hatukupanga. Kila tukienda mtu anasema andika na hili. Barua ya utambulisho ya mtaa inalipiwa au hailipiwi. Mtoto ana namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, miaka na kadi haijatoka. Mkutano mkuu wa mtaa unaitishwa lini, na mpangaji anaruhusiwa kuuliza mapato na matumizi? (Anaruhusiwa, mkazi ni mkazi.) Gari la taka linakuja siku gani. Kufika mwezi wa tisa mwishoni tulikuwa na maswali arobaini na kitu. Tukagawana, kila mtu anachukua matano anaenda kutafuta jibu ofisini, anakuja nalo hata kama jibu ni hapana. Kuna kijana wetu mmoja alikuwa anaona aibu kurudi na hapana, akawa anasema "inafanyiwa kazi", tukamkataza. Neno hilo watu wa kule wanalijua kuliko sisi.

Hela nayo ilituletea mgogoro. Baada ya ule msiba kuna mwenzetu akasema sasa tumejua siri, tutenge bajeti ya misiba, kila msiba chama kipo, bahasha ina nembo. Dada mkaa akamuuliza, bahasha ina nembo unamzika nani, marehemu au unatafuta kura? Tukabishana kweli kweli. Mi hoja yangu ilikuwa kwamba nchi hii imeshapita huko, kulikuwa na kitu kinaitwa takrima kwenye sheria ya uchaguzi, eti ukarimu wa kawaida kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ikakifuta 2006. Tukakubaliana mtu akienda msibani aende na hela yake na jina lake, fulana abaki nayo nyumbani. Sio wote walifuata. Baadaye nilikuta kwenye daftari la rambirambi la watu jina la chama chetu na elfu ishirini, nikajisikia vibaya kuliko siku ya spika, kwa sababu siku ya spika hatukujua.

Sasa niwaambie la kwangu.

Wale wanawake wa kuchambua mchele walikuwa na kikundi, wako kumi na wawili, wanaweka na kukopa kila Jumapili. Wakaniuliza ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ile ya nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, maana serikali iliisimamisha Aprili 2023 na wamesikia inarudi kwa utaratibu mpya. Wanahitaji nini? Wajisajili wapi? Nikasema nitaenda kwa afisa maendeleo ya jamii, nawaletea jibu Alhamisi saa kumi jioni. Nilienda kweli, nikapata karatasi yenye masharti, nikatoa kopi kumi na mbili. Jumatano bosi akatuletea kazi ya kufunga hesabu za mwezi, Alhamisi nikatoka kazini saa moja usiku. Nikasema aah, nitaenda Jumamosi, si kopi ninazo. Hata simu sikupiga. Jumamosi kukawa na kikao cha wilaya. Nikaenda Jumanne iliyofuata na maandazi ya kununua, kama vile maandazi ni kalenda.

Mweka hazina wao ni dada mdogo kuliko mimi, anasuka nywele. Alikuwa anasuka mtu, hakusimama. Nikamwambia dada nimeleta zile karatasi. Akasema, "Alhamisi ilipita." Nikaanza kueleza, kazini, hesabu, kikao. Akanisikiliza, anagawa nywele kwa kitana, akasema, "Alhamisi watu walifunga meza zao saa tisa. Yule pale aliacha kwenda Kariakoo kufuata mzigo. Tulikaa hapa mpaka magharibi. Mi ndo niliyewaambia wewe sio kama wale wengine." Hakupandisha sauti. Kopi akazipokea akaziweka chini ya chupa ya mafuta ya nywele, akaendelea kusuka.

Ilinichukua wiki tatu kurudishiwa salamu ya kawaida. Na haikurudishwa na maneno, ilirudishwa na kwamba nilikuwa nakuja kila Alhamisi saa kumi, nina jambo sina jambo, nakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa naondoka. Alhamisi ya nne akanipa mtoto nimshike.

Oktoba ikafika. Siku kumi za kuandikisha tulizigawana, wenye kazi tunakuja jioni, vituo vinafungwa saa 12. Hatukuita mkutano hata mmoja. Tulipita chumba kwa chumba na sentensi moja, "mpangaji naye anaandikishwa", na tukimpata mtu tunaongozana naye mpaka kituoni, chama chake sio shida yetu. Mama mjumbe naye alikuwa anapita na watu wake, tunakutana uchochoroni, yeye na wake mimi na wangu, tunapishana ubavu. Siku moja akanirushia, "Yule wa chumba cha mwisho mbona umemwacha? Ana miaka kumi na nane toka Juni, nenda kamchukue kabla sijamchukua mimi." Nikaenda. Dogo alikuwa amelala, tulimtoa na taulo.

Kampeni zenyewe zilikuwa siku saba tu, 20 mpaka 26 Novemba, na tulizifanya kama vyama vyote, spika zikarudi (safari hii mtu anatangulia mbele kuuliza kama kuna msiba). Tulishindwa. Najua nchi nzima kulikuwa na kelele za wagombea kukatwa majina na mengine mengi, na chama tawala kilichukua mitaa karibu yote, hayo yameandikwa na yataandikwa. Kwa mtaa wetu mgombea wetu jina lake lilikuwepo kwenye karatasi, kura zikahesabiwa, tukashindwa kwa mbali. Kilichoniuma ni kwamba kuna watu niliowasindikiza mimi mwenyewe kujiandikisha, nikawaona kwenye foleni, na najua kabisa kwa hesabu hawakutupigia. Dada mkaa akaniambia kwani uliwanunua? Nikanyamaza.

Grupu la WhatsApp likafa siku mbili. Katibu akaandika tamko zuri, likapata makopakopa, basi. Mwezi wa kumi na mbili, Jumamosi ya kwanza, mi na dada mkaa tukasema twende tukashushe bendera zetu, maana mvua za vuli zilikuwa zinazichana na ilikuwa inatia aibu, na pia daftari lilikuwa na maswali tisa hayajajibiwa, manne tulikuwa tumeshapata majibu yake. Tulipofika kwa Mtogole watoto wakaanza kupiga kelele "wamerudiii", na kijana mmoja wa kijiweni akauliza kwa sauti, "Si mmeshindwa nyie? Mmesahau nini?" Nikamwambia tumeleta jibu la mtaro. Akafikiri namtania.

Jibu lenyewe halikuwa zuri. Tulikuwa tumeambiwa mitaro ya vichochoro ile haipo kwenye mradi, mtaa unatakiwa uibue wenyewe kwenye mkutano mkuu, uandike muhtasari, upeleke kwa kata iingizwe kwenye mipango. Tukamsomea muuza kahawa kama lilivyo. Akasema sawa, sasa najua pa kuanzia, akatupa kahawa na safari hii akakataa hela.

Kwa mama mjumbe tulipita kuaga tu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, ule ubao wa mlangoni kwake ulikuwa unaelea, kauzuia na tofali. Vitumbua vilikuwa vimeisha. Akatuambia poleni na uchaguzi, tukamwambia hongera mama, akapokea. Tukawa tumeshageuka, akaniita.

"Lile daftari lako unalo?"

Nikamwambia ninalo.

"Andika na langu," akasema, anauangalia ubao. "Mtaro. Ila jina usiweke."